Kalenda ya Bamvua

Nimekulia Hanga, mkoani Ruvuma, ambako saa za siku tulizijua kwa kengele ya watawa wa Kibenediktini, waliofungua makao yao hapa mwaka 1957. Kengele ikilia, liwe jua iwe mvua, kazi inaanza. Nilipokwenda kisiwani Mafia mwaka 2015, kujitolea kuratibu miradi ya vijiji ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, nilikuta saa nyingine kabisa. Mkutano wa Jibondo, kisiwa kidogo cha jirani, haupangwi kwa Jumanne wala Alhamisi. Hupangwa kwa mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari hukauka mbali na akina mama wako mwambani wanasaka pweza. Maji mafu yakiingia, siku bahari isipokauka mbali, ndipo utawapata.

Kazi yetu siku zile ilipimwa kwa miche. Fomu za taarifa ziliuliza ni mikoko mingapi imepandwa, na mara chache sana ziliuliza ni mingapi imeishi. Basi vikundi vikapanda palipo rahisi kupanda, kwenye tope tupu lililo mbele ya msitu, ambalo halina mwenyewe wa kugombana naye. Mbegu ya mkoko huchipua ingali juu ya mti mama, hurefuka, kisha hudondoka ikiwa tayari kushika mizizi. Lakini ikishika mahali ambapo maji hukaa juu yake karibu kutwa nzima, inakosa pumzi, na viumbe wadogo wenye magamba magumu huiganda shinani hadi ikalemewa na kulala.

Mzee mmoja wa kisiwa cha Juani aliniita kando baada ya upandaji wa namna hiyo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia, “Mwanangu, hapa mkoko haujapata kuota tangu nipate akili. Ungepataka ungekuja wenyewe. Twende nikakuonyeshe ulipokuwepo ukaondoka.”

Tukapita nyuma ya kijiji hadi penye njia ya miguu iliyoinuliwa kwa mawe na udongo. Njia ile ilikuwa imekata mkondo. Upande wa pwani michu, aina mojawapo ya mikoko, ilikuwa hai, mizizi yake ya kupumulia imesimama wima kwenye tope. Upande wa bara maji ya bamvua yaliingia, yakakosa pa kutokea, yakakauka kwa jua. Ardhi ilikuwa nyeupe kwa chumvi, na visiki vya michu vimebaki vigumu kama mifupa. Mzee akachovya kidole kwenye kidimbwi kilichosalia, akaonja, akanipa ishara nami nionje. Chumvi ile ilichoma ulimi kuliko maji ya bahari yenyewe.

Hatukununua mche hata mmoja. Watu walijitokeza kwa msaragambo na majembe, wakafungua njia mahali pawili na kuweka magogo ya kuvukia, maji yakaanza kupwa na kujaa kama zamani. Mbegu zililetwa na bahari yenyewe. Namna hii ya kufanya kazi, ya kuyatengeneza maji kwanza na kuuachia msitu urudi wenyewe, sasa inafahamika katika nchi nyingi zenye mikoko. Kwangu mimi mwalimu wake atabaki kuwa mzee yule.

Pweza nao walibadilisha mazungumzo ya barazani. Mafia ina hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, na miaka mitatu baadaye joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi sana, hasa kwenye mwamba wa Tutia. Samaki wa mwambani wakipungua, kinachobaki kuilisha nyumba ni pweza anayesakwa kwa miguu na chuma mkononi. Wazo la kufunga sehemu ya mwamba kwa muda, lililoanza Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004, linategemea maumbile ya pweza mwenyewe. Huishi mwaka mmoja hivi, na hukua haraka mno, kiasi kwamba akiachwa miezi michache tu anakuwa mnyama mwingine. Lakini kufunga mwamba ni kumwambia mama leo asichukue kitoweo cha leo. Hilo haliamuliwi na mtu wa Hanga. Liliamuliwa na BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, na akina mama wenyewe, kwa ubishi mkali, na kilichobaki kwangu kilikuwa kuandika walichokubaliana na kuhakikisha siku ya kufungua inaangukia bamvua. Nasema wazi kwamba sijaona kazi yenye heshima zaidi ya hiyo.

Niliporudi nyumbani nilikuja na ramani tofauti kichwani. Mto Luwegu unaanzia katika mkoa wetu wa Ruvuma, unakwenda kaskazini, unakutana na Kilombero, na hapo ndipo Rufiji inapozaliwa. Rufiji ndiyo inayolisha msitu mkubwa wa mikoko wa delta, unaotazamana na Mafia. Udongo tunaouachia mvua uondoke mashambani huishia huko. Mwaka 2024 mafuriko ya Aprili yalizamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, kisha tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na mimi niko Hanga nimeshika simu, nawatafuta watu wa Juani na Jibondo mmoja mmoja.

Tangu hapo ninazungumza na wakulima wa upande wa Luwegu juu ya kuacha nyasi na miti kwenye kingo badala ya kulima hadi majini. Wengine wanauliza bahari inawahusu nini, na ni swali la haki. Nimewaomba BMU wa Mafia watutumie watu wawili waje walijibu wao, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Wamekubali, ila wamesema watasafiri maji yakiwa mafu.