Anayeuliza lazima arudi: ninavyojifunza kazi ya mchambuzi wa mahitaji

Ndugu wasomaji, na ninyi mnaotusikiliza kila jioni kutoka kambini na katika mitaa ya Bunia: wengi wenu mmeulizwa maswali mara nyingi kuliko mlivyopata majibu. Mtu anafika na tableti mkononi. Anauliza mko wangapi katika nyumba, maji mnachota wapi, mnahitaji nini zaidi. Anaandika, anashukuru, anapanda gari. Baada ya miezi kadhaa anafika mwingine na maswali yale yale.

Kazi ya kuuliza watu mahitaji yao kabla ya kuwatengenezea kitu ina ufundi wake, na ina jina. Miezi hii minne nimekuwa nikijifunza kazi hiyo. Ninaandika leo kwa sababu naona inawahusu ninyi kuliko inavyowahusu watu wa kompyuta.

Niliingia humo hivi. Redio yetu ilikubaliana na vijana wawili wa hapa mjini wanaoandika programu, tutengeneze pamoja huduma ya kuwapasha habari kwa simu watu waliohama makwao: siku za kugawa chakula, chanjo, shule, hali ya barabara. Mshirika anayetoa pesa alitaka kazi ifanyike kwa mtindo unaoitwa ajaili, na alitaka katika kikundi awepo mtu wa kuchambua mahitaji. Mkuu wa redio akanigeukia: "Wewe ndiye umezoea kuuliza watu." Nikaanza kufuata masomo ya usiku kwenye intaneti, siku ambazo mega zinatosha.

Jina lenyewe linapoteza watu. Kwa Kiingereza huitwa biznes analisti, na ukitafsiri haraka unapata "mchambuzi wa biashara". Jirani yangu aliposikia hivyo aliniuliza kama ninaacha redio niende kuuza maharagi sokoni. Mimi nasema mchambuzi wa mahitaji. Ni mtu anayesimama kati ya wale watakaotumia kitu na wale wanaokitengeneza, ahakikishe kwamba wa pili wameelewa shida ya wa kwanza.

Na ajaili ni nini? Ni neno lenye maana ya wepesi wa kugeuka. Februari 2001, watu 17 wanaotengeneza programu walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah huko Marekani, wakaandika tamko fupi. Walikuwa wamechoka na mtindo wa zamani: mradi unaandikwa wote kwenye kitabu kinene, kisha watu wanajifungia mwaka mzima kutengeneza, na siku ya kufungua wanakuta mahitaji yalishabadilika, au hayakueleweka tangu mwanzo. Wao walisema: tengeneza kipande kidogo kinachofanya kazi, mwonyeshe mwenye kukitumia, msikilize, rekebisha, endelea. Anayelima shamba asilolijua anaelewa jambo hili. Hapandi mbegu zote siku moja. Anajaribu sehemu ndogo kwanza, aone udongo unasema nini.

Njia inayotumika sana katika ajaili inaitwa skramu. Kazi inakatwa vipande vya muda mfupi visivyozidi mwezi mmoja, vinavyoitwa sprinti. Sisi tulichagua wiki 2. Mwongozo wake, ulioandikwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland, katika toleo la mwaka 2020 unataja watu wa aina tatu tu: mwenye bidhaa, anayeamua kipi kitangulie, msimamizi wa skramu, anayesaidia kikundi kufuata utaratibu, na watengenezaji. Nilisoma mwongozo huo mara mbili nikitafuta mchambuzi wa mahitaji. Hayumo.

Nilimwuliza mwalimu wa masomo yale: kama mtu huyu hayumo, mimi ninajifunza nini? Akajibu kwamba cheo hakimo, lakini kazi imo. Lazima awepo mtu wa kwenda kwa wahusika, kusikiliza, kutenganisha shida na suluhisho, na kuliweka jambo kwa maneno ambayo mtengenezaji anaweza kuyafanyia kazi. Katika vikundi vingine inafanywa na mwenye bidhaa, kwingine na mtengenezaji mwenyewe, kwingine na mtu maalumu. Ikikosa mtu wa kuifanya, kila mmoja anafikiri mwenzake ameshauliza.

Chombo cha kwanza nilichofundishwa ni kadi. Kwenye kadi unaandika mambo matatu: nani, anataka nini, na kwa sababu gani. Ron Jeffries, mmoja wa wale 17, alieleza kwamba kadi peke yake haitoshi. Inafuatwa na mazungumzo, halafu uthibitisho. Kadi ya kwanza tuliyoletewa na mshirika ilisema hivi: "Mimi, mkimbizi wa ndani, nataka kupokea ujumbe wa maandishi, ili nijue siku ya kugawa chakula."

Inaonekana safi. Lakini mkimbizi wa ndani ni nani? Nilikwenda kambini na kadi hiyo, na katika asubuhi moja nilikutana na watu watatu tofauti ndani ya neno hilo moja. Kuna kijana mwenye simu kubwa, anayekosa mega tu. Kuna mzee mwenye simu ndogo ya vitufe, asiyejua kusoma. Na kuna mama wa watoto watano kutoka Djugu, asiye na simu kabisa.

Mama huyo alinisimulia jambo lililonibadilisha kabisa. Wakati fulani huko nyuma waliandikishwa kwa ajili ya msaada, na fomu ilikataa jina lisilo na namba ya simu. Akaweka namba ya jirani. Jirani akahamia kambi nyingine na simu yake. Ujumbe ulikwenda huko. Siku ya kugawa, jina la mama liliitwa, hakuna aliyeitika. Yeye alikuwa amekwenda kulimia watu tangu alfajiri. Alipopata habari siku mbili zilikuwa zimepita, na jetoni yake haikuwa na maana tena. Hapo hapakuwa na mwizi, wala mtu mwenye nia mbaya. Kulikuwa na fomu iliyotengenezwa na watu wanaoamini kwamba kila mtu ana simu yake.

Nikamwuliza: "Mama, sasa ungependa tukutumie nini?" Akacheka. "Utanituma wapi, mwanangu? Mimi nataka kujua jana yake." Nikamwuliza kwa nini jana yake. Kwa sababu anatoka alfajiri. Kwa nini alfajiri? Kwa sababu anayechelewa shambani hapewi kazi. Na siku asipolima, watoto hawali. Basi haja yake haikuwa ujumbe wa simu. Haja yake ilikuwa habari imfikie kabla ya kulala, ili achague mwenyewe kati ya shamba na foleni. Ukilielewa hilo, mlango mwingine unafunguka: redio inasikika kambini kila jioni, na kuna kina mama wanaokaa pamoja kuisikiliza. Tulichohitaji kutengeneza kwanza ni njia ya kuhakikisha kwamba tangazo sahihi linafika studio kabla ya saa kumi na mbili jioni, na kwamba wawakilishi wa kambi wanalipata kwa sauti. Kazi ya programu ilipungua karibu nusu. Vijana wetu walishangaa, lakini moja ya kanuni 12 za tamko la ajaili inasema hivyo hivyo: ni ufundi kuzidisha ile kazi ambayo hatuhitaji kuifanya.

Sisi wa upande huu wa nchi tuna mfano mkubwa zaidi wa kutenganisha lawama na haja iliyo ndani yake. Wakati wa Ebola iliyotangazwa Agosti 2018, watu wengi waliogopa vituo vya matibabu: ndugu anaingia nyuma ya ukuta, humwoni tena, kisha unaambiwa amekufa. Mtu angeweza kusema dawa yake ni kuwahubiria watu zaidi. Lakini waliokuwa wakilalamika walikuwa na haja moja iliyo wazi: kuona. Huko Beni shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki inayopitisha mwanga, ndugu wakaweza kumwona mgonjwa wao na kuongea naye bila kuguswa na ugonjwa. Aliyesikia woga tu angeleta spika. Aliyesikia haja alileta ukuta unaoonyesha.

Baada ya mazungumzo unakuja uthibitisho: tutajuaje kwamba kazi imekwisha? Tuliandika sentensi moja: mtu asiye na simu na asiyejua kusoma anajua leo jioni kwamba kesho atagawiwa, saa ngapi, na mahali gani. Mwisho wa sprinti ya kwanza tulikuwa na tangazo moja la sauti na ujumbe mmoja wa maandishi kwa wenye simu. Tukavipeleka kambini kwa watu 10.

Ujumbe ulisema "kesho saa 8". Kijana aliyeuandika alikuwa akifikiri kwa Kifaransa, saa 8 ya asubuhi, yaani saa mbili kwetu. Papa mmoja akasema vizuri sana, atakwenda shambani kwanza, saa nane ya mchana atakuwa amerudi. Mama aliyekaa karibu naye akasema hapana, ni asubuhi. Wakabishana mbele yetu. Ubishi ule ulichukua dakika tano na haukutugharimu kitu. Kama tungengoja mwaka mzima ili tufungue huduma yote kwa sherehe, ungekuja siku yenyewe ya kugawa chakula, na nusu ya watu wangefika wakati magari yameshaondoka. Tangu siku hiyo kila saa inaandikwa kwa maneno, pamoja na asubuhi, mchana au jioni.

Kuna swali lingine ambalo masomo yaligusa kidogo tu, na kambi ikanifundisha zaidi. Fomu ya mshirika ilikuwa na mstari wa kijiji cha asili. Mzee mmoja aliyefika hapo alinyamaza, kisha akaniambia: "Mwanangu, ukijua kijiji changu umeshajua kabila langu. Karatasi hiyo italala wapi usiku?" Hapa Ituri swali hilo si la bure. Kambi ya Plaine Savo ilishambuliwa Februari 2022, watu wasiopungua 60 wakauawa. Nilirudi kwenye kikundi nikauliza: tangazo la siku ya chakula linahitaji kijiji cha mtu kwa kazi gani? Hakuna aliyepata jibu. Mstari ukafutwa. Nimejifunza kwamba mchambuzi haulizi tu ni habari gani tuongeze. Anauliza pia: orodha hii ikipotea, nani ataumia?

Kazi zinapokuwa nyingi tunazipanga kwa njia aliyoianzisha Dai Clegg mwaka 1994: yaliyo ya lazima, yanayofaa, yanayowezekana nafasi ikipatikana, na yale ya kuacha kwa sasa. Mshirika alipenda sana ramani yenye picha. Ni nzuri, na itapendeza kwenye ripoti. Tuliiweka katika fungu la mwisho. Kueleza kwa heshima kwa nini kitu kinasubiri, mbele ya anayetoa pesa, ni sehemu ngumu ya kazi hii. Kilichosaidia ni kadi zenyewe: mezani kulikuwa na mama wa watoto watano na sababu yake, na upande wa ramani hakuna aliyeweza kuandika mstari wa "kwa sababu gani".

Mtaniuliza: kwani hii ina tofauti gani na uandishi wa habari? Maswali ni yale yale: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Tofauti ni kwamba mwandishi akishapata sauti yako anaondoka, taarifa inasomwa, kesho kuna nyingine. Mchambuzi katika ajaili analazimika kurudi kila baada ya wiki 2 na kitu mkononi, akuulize: hiki ndicho ulichosema? Asiporudi, alichokifanya ni kukusanya majina tu.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlioko kambini, akija mtu na tableti mnayo haki ya kumwuliza naye maswali matatu kwa adabu. Majibu yetu atayasoma nani? Utarudi lini kutuonyesha ulichotengeneza? Na kitu gani katika maswali haya si cha lazima? Anayeijua kazi yake hatakasirika.

Na ninyi vijana mliomaliza sekondari mkadhani mambo ya kompyuta ni ya wanahesabu tu: kazi hii inahitaji masikio, subira, na lugha za watu wako. Mwongozo wa skramu unapatikana bure kwenye intaneti, hata kwa Kifaransa, nao ni mfupi. Anzeni nao, kisha nendeni mkamwulize mtu mmoja "kwa nini" hadi afike kwenye shida yenyewe.

Jumatatu tunaanza sprinti ya tano. Kadi ya juu kabisa imetoka kwa yule mzee mwenye simu ya vitufe. Anataka kusikiliza tangazo tena kwa kupiga namba, bila kutumia unite zake, kwa sababu wakati wa habari huwa ametoka kuchota maji. Bado hatujajua nani atalipia simu hizo. Tutakwenda kumwonyesha tulipofikia Ijumaa ya pili, hata kama ni kidogo.