Nilimwonea Haya Babu Yangu

Nilizaliwa Kakonko, wakati ule ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Kibondo. Babu yangu alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba. Ujana wake uliishia kwenye mashamba ya mkonge Tanga, nami kwa miaka mingi nilimwonea haya.

Nilipokwenda kusoma mjini, wenzangu walisema Waha, kabila letu, ni watu wa kukata mkonge. Nilicheka pamoja nao. Nikiulizwa kwetu wapi, nilijibu Kigoma, nikaishia hapo. Moyoni niliamini kwamba tuliumbiwa kazi ngumu na umaskini.

Macho yalianza kufumbuka chuoni, niliposoma habari za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akiwafanya machifu watie saini mikataba ya lugha wasiyoijua. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akaipa kampuni ya Peters hati ya kutawala. Wafanyabiashara wakawa serikali. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Desemba 1889 akanyongwa Pangani. Mwaka 1891 serikali ya Ujerumani ilichukua utawala, lakini kampuni ikabaki na mashamba na biashara. Ni mtaalamu wake wa kilimo, Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai ilikuwa 62, na kutokana na hiyo mkonge ukaenea Tanganyika.

Mashamba yalihitaji watu. Wakati wa Waingereza kodi ilidaiwa kwa fedha, na Buha, nchi ya Waha, haikuwa na zao la kutosha la kuleta fedha hiyo. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua. Wanaume wa Kibondo na Kasulu wakapelekwa mbali kwa malori na treni. Nyumbani jembe likabaki kwa wanawake, watoto na wazee.

Likizo ilipofika nilimwendea babu, nikamwomba radhi, kisha nikamwomba anisimulie.

"Mjukuu wangu," alisema, "kodi ilinikuta sina kitu ila mikono. Nikaipeleka mikono."

Akanieleza habari za kipande: mpaka zitimie siku 30 za kazi ndipo ulipwe, na siku ya homa haihesabiwi. Ada ya shule ya baba yangu ilitoka humo. Kumbe hata kusoma kwangu kulianzia kwenye mkonge ule. Nilistahili kukemewa, lakini babu alinisimulia mpaka usiku wa manane, wala hakunilaumu kwa neno moja.

Sikubadilika mara moja. Hata baada ya hapo, kauli za dharau zilinikuta nikinyamaza. Leo nikisikia Muha anachekwa, nasema wazi kwamba babu yangu alikuwa manamba, kisha naeleza nani alimhitaji, na kwa faida ya nani.

Ndugu msomaji, huenda nawe unaficha kazi aliyoifanya mzee wako. Muulize angali hai. Mimi nilichelewa, na bado nilipokelewa.