Filme ya bei ndogo

Jumamosi ya juzi sisi wa internat tuliangalia filme ya zamani, nyeusi na nyeupe tu: Detour, ya Marekani, mwaka 1945. Edgar G. Ulmer njo aliiongoza. Haifike hata dakika 70. Kampuni ilikuwa ndogo na feza kidogo: ukungu mwingi, vyumba vichache, barabara isiyoisha. Kwanza tulicheka.

Mupiga piano mumoja anatoka New York kumufuata mupenzi wake California. Hana feza, anasimamisha motokari za watu njiani. Mutu anamupakia, kisha anakufa gafula. Yeye hakumuua, lakini anaona hakuna atakayemusadiki. Basi anaficha maiti, anatwaa motokari, feza na jina la marehemu. Kesho yake anapakia mwanamuke njiani. Kumbe huyo alipanda motokari ile ile mbele yake, anamujua mwenyewe! Hapo kicheko kikakatika.

Sababu siye pia tulikuwa na yetu. Mpira wetu ulipasua kioo cha darasa, bila kupenda. Tulinyamaza, na mutoto wa mwaka wa kwanza akashitakiwa.

Usiku ule hatukulala mbio. Asubuhi tulienda kwa préfet, wote sita. Tulilipa kioo, tukalima siku tatu, tukamuomba mudogo wetu musamaha. Alicheka tu.

Filme za vile hazina mapambo, zinakupeleka sawasawa mpaka pale unaogopa. Mwalimu, uko na ingine?