Acheni Kuosha Sensa na Petroli

Wasee, mjomba wangu hubeba abiria na Probox, Shianda hadi Mumias. Kila taa ya injini ikiwaka, fundi anafungua sensa ya oksijeni kwa ekzosi, anaiosha na petroli, anachukua pesa. Wiki mbili, taa imerudi. Zii! Masizi unaweza kupangusa, lakini kauri ya ndani ikichoka hakuna kuosha kutaifufua. Inaanza kuidanganya kompyuta ya injini, injini inamwagiwa petroli zaidi, na karo ya binamu zangu inatoka kama moshi. Fundi apime kwanza: waya umekatika? Ekzosi inavuja? Zote ziko sawa na sensa imekufa? Nunua mpya. Ya mtumba nayo, si ajabu imechoka kuliko yako.