Mvua ya siku ya tatu

Mwezi uliopita mtaani kwetu tulikubaliana kususia matatu. Nauli ilikuwa imepanda kwa shilingi 20, hivi tu, hakuna hata kuelezwa. Siku ya kwanza nilitembea. Ya pili pia. Ya tatu mvua ikanyesha, na mimi huyo kiti cha nyuma, kofia imeshuka hadi machoni ili majirani wasinione. Majirani nao walikuwa ndani.

Sasa, hiyo boycott tunayopenda kutangaza mtandaoni ni jina la mtu, wasee. Captain Charles Boycott, Mwingereza, alisimamia shamba la Lord Erne kando ya ziwa la Lough Mask, Kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland. Lord aliishi mbali. Boycott ndiye aliyedai kodi. Mwaka 1880, baada ya mavuno mabaya, wapangaji walipunguziwa asilimia 10. Wakadai 25, wakanyimwa. Boycott akatuma mtu na karatasi za kuwafurusha, akina mama wakamtimua kwa matope na samadi.

Kisha wakamnyamazia. Vibarua wakaacha mazao shambani. Mhunzi akakataa kazi yake, dobi akakataa nguo zake, maduka ya mji wa Ballinrobe yakakataa pesa zake. Chakula kikawa kinaletwa kwa mashua kutoka kijiji cha Cong.

Mimi huyo dobi ndiye ananisumbua. Yaani alikataa mteja mwenye pesa, na hali ilikuwa ngumu! Ingawa tusidanganyane, si wote walisusa kwa hiari. Kuna waliotishwa.

Wavunaji 50 walitolewa kaskazini, wakilindwa na wanajeshi na polisi wengi. Inakadiriwa zilitumika pauni 10,000 kuvuna mazao ya pauni 500 hivi. Tarehe 27 Novemba Boycott akaondoka kwa gari la wagonjwa la jeshi, maana hakupata dereva wa kumbeba. Inasemekana jina lake lilifanywa neno na Padre John O'Malley wa kijiji jirani, The Neale, kwa sababu alitaka kitu ambacho mkulima angeelewa mara moja.

Juzi nauli imepanda tena, shilingi 10. Kundi la mtaa limejaa "tususie" na emoji za moto. Mimi nimeuliza tu: mvua ikinyesha tunafanya aje, na mama wa vitunguu mwenye mguu mbaya atafikishwa sokoni na nani?

Bado sijajibiwa.