Pilipili Haizimwi kwa Chupa

Miongoni mwa starehe za siku ya mshahara katika makambi ya Uganda, ni chache zinazopendwa kama nyama ya mbuzi ya kuchoma, pilipili ya kusaga pembeni, na chupa ya bia baridi. Starehe hiyo haina lawama kwa mtu mzima ambaye hayuko zamu. Ila imezoeleka kusemwa kwamba bia huzima moto wa pilipili, na kwa kauli hiyo zimefunguliwa chupa nyingi ambazo fedha zake zilikuwa na kazi nyingine nyumbani.

Pilipili hii ni mgeni. Asili yake ni bara la Amerika, na baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 ilichukuliwa na mabaharia, hasa Wareno, hadi Afrika na Asia. Leo Waganda huiita kamulali kana kwamba ilizaliwa migombani. Ukali wake watokana na kitu kiitwacho kapsaisini. Kitu hicho hakiunguzi ulimi hata kidogo. Huamsha mishipa ya fahamu ile ile itambuayo joto, ubongo ukadanganyika kuwa kinywa chaungua. Jinsi mishipa hiyo inavyoamshwa ilibainishwa mwaka 1997 na David Julius wa Marekani pamoja na wenzake, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Kapsaisini huyeyuka katika mafuta na katika spiriti, wala si katika maji. Bia ya kawaida ina spiriti kadiri ya sehemu 5 katika 100, na sehemu kubwa ya iliyosalia ni maji. Spiriti hiyo kidogo haitoshi kuosha ulimi, bali yenyewe huiamsha mishipa ile ile, na gesi ya bia huongeza mchomo wake. Ubaridi hutuliza kwa muda tu. Ukipita, moto hurudi, na mnywaji, akidhani ana kiu, huita chupa ya pili. Wenye mabaa walilijua jambo hili bila kusomea kemia: bakuli la pilipili hutolewa bure. Waragi ndiyo kabisa. Ni petroli juu ya makaa.

Mke wa askari aliyekwisha kuhesabu ada ya shule ana haki ya kusema, “Baba watoto, kama ni moto tu, bongo imo chunguni.” Asemalo ni kweli. Maziwa yana mafuta, na yana protini iitwayo kasini inayoikamata kapsaisini na kuiondoa ulimini. Ndivyo Wahindi wanavyokula mchuzi mkali kwa mtindi. Mchuzi wa samli wa Ankole, eshabwe, nao hufaa kwa kazi hiyo.

Bia nayo ina nafasi yake mezani. Ile chungu sana, yenye hopsi nyingi, hugombana na pilipili hata nyama ikakosa ladha. Nyepesi, yenye utamu kidogo wa kimea cha shayiri, hupatana nayo zaidi. Malwa ya ulezi, inywewayo kwa mirija na kuongezwa maji ya moto, yafaa iachiwe karanga, kwa kuwa joto huzidisha ukali.

Wako pia wanaoamini kwamba pilipili hukata ulevi. Haikati. Jasho hutoka, macho hufunguka, lakini spiriti imo damuni, na ini huiondoa kwa mwendo wake lenyewe, saa baada ya saa. Mwenye kukabidhiwa bunduki au usukani usiku huo asiitegemee sahani ya kamulali.

Kwa aliye mapumzikoni, utaratibu ulio bora ni nyama na ndizi kwanza, kisha bilauri ya bongo, na bia mwishoni, ulimi ukiwa umekwisha kupoa. Hapo ladha ya shayiri husikika, na chupa moja huweza kumaliza saa nzima ya mazungumzo.