Kabla ya kuchora bustani, aliuliza bibi anakaa wapi

Ukoka ulipandwa Februari. Kufikia Agosti uwanja wote ulikuwa umekauka, na vumbi limerudi mpaka sebuleni. Mume alisimama barazani, bili ya maji mkononi. Mkewe alikuwa jikoni, akijifanya hasikii anavyoguna.

Familia hii ni miongoni mwa nyingi zilizohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia makao makuu. Baba ni mtumishi wa umma, ofisi yake iko Mtumba. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Wamejenga Iyumbu na wana watoto watatu. Wanaishi pia na mama mzazi wa mume, aliyeletwa kutoka kijijini wilayani Chamwino baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga.

Miaka yote ya kupanga Dar es Salaam, baba alijiahidi kwamba akijenga kwake atakuwa na uwanja wa nyasi kama ile aliyokuwa akiiona Masaki na Oysterbay. Siku ukoka unashushwa, bibi aliutazama akiwa dirishani, akauliza: "Mwanangu, mbuzi wenyewe wako wapi?" Watoto walicheka. Baba hakucheka.

Bibi alikuwa akishinda sebuleni, kwenye kiti kilichogeuziwa televisheni ambayo haangalii. Kila jioni aliuliza swali moja: "Nitarudi lini kwangu?" Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa hiyo kila mmoja alijifanya ana shughuli.

Maswali badala ya maua

Mama ndiye aliyesikia kwa mwalimu mwenzake habari za binti aliyesomea usanifu wa mandhari Chuo Kikuu Ardhi. Mume alipinga. "Nilipe mtu anichoree maua? Fundi wa bustani si yupo?" Mke akamjibu kwamba fundi alikuwepo hata Februari.

Binti alifika Jumamosi asubuhi na futi ya kupimia na daftari. Walitarajia awaonyeshe picha za bustani kwenye simu ili wachague. Badala yake aliuliza: Saa kumi jioni nyumbani huwa yupo nani? Nguo zinaanikwa wapi? Vumbi la kiangazi linaingilia upande gani? Maji ya kufulia yanamwagwa wapi? Dada wa kazi akienda likizo, nani atamwagilia?

Mume na mke walitazamana. Maswali mengine walikuwa hawajawahi kuulizana.

Kisha akauliza: "Na bibi huwa anakaa wapi?"

"Ndani," akajibu mtoto wa mwisho. "Bibi anakaa ndani tu."

Hesabu ya maji

Dodoma hupata wastani wa takribani milimita 570 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo mkavu wa mashariki. Binti aliandika hesabu mbele ya baba, maana aliona huyu ni mtu wa tarakimu.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la nyumba yao lina mita za mraba 120. Hiyo ni zaidi ya lita 68,000 kwa mwaka wa kawaida. Hata ukipoteza moja ya tano, bado zinabaki zaidi ya 54,000. Yote hayo yalikuwa yakitiririka getini na kuchimba barabara ya mtaa.

Upande wa pili, ukoka wao ulikuwa wa mita za mraba 200. Katika jua la Dodoma, nyasi zinahitaji kama lita tano kwa kila mita kwa siku. Hizo ni lita 1,000, yaani uniti moja ya maji kila siku. Hata wangevuna mvua yote hiyo, ukoka ungeimaliza kwa siku 54, na kiangazi kina miezi saba.

Baba aliangalia karatasi kwa muda mrefu. "Kwa hiyo sikukosea kumwagilia," akasema. "Nilikosea kupanda."

Kisiki cha nyuma ya nyumba

Walipofika nyuma, bibi aliomba asaidiwe kutoka. Alisimama na fimbo yake, akanyoosha mkono kwenye kisiki karibu na ukuta. Kilikuwa cha mkungugu, mti wa jamii ya migunga uliokatwa wakati wa kusafisha kiwanja. Kila Jumamosi kijana wa kufyeka alikata machipukizi yake pamoja na magugu.

"Huo mti haujafa," bibi akasema. "Mnauua kila wiki."

Binti alipiga goti akakikagua. Katika vijiji vya Dodoma njia hii inajulikana kama Kisiki Hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unayawekea alama kama kipande cha kitambaa, kisha unayalinda yasiliwe wala kukatwa. Hauchimbi shimo wala huanzi na mche, kwa sababu mizizi tayari iko chini sana, inakojua yenyewe maji yaliko.

Bibi aliyajua haya yote kabla binti hajazaliwa. Walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa karibu saa nzima. Alimweleza jinsi tembe la Wagogo linavyojengwa kuzunguka ua, na watu na mifugo wanavyokingwa na upepo. Binti aliandika. Ule mchoro aliokuja nao kichwani, alikiri baadaye, aliuacha palepale.

Mchoro uliorudi

Wiki mbili baadaye alileta karatasi moja kubwa. Kazi iligawanywa awamu tatu ili mfuko usiumie.

Awamu ya kwanza ilikuwa maji tu: mabomba ya kukinga mvua ya paa, tanki la lita 5,000, na makinga maji ardhini ya kuelekeza mvua inayozidi kwenye mashimo ya miti yaliyojazwa samadi. Ya pili ilikuwa kivuli: mistari ya mwarobaini na mlonge upande wa mashariki kuzuia vumbi, na kichanja cha mizabibu karibu na mlango wa jikoni, na njia ngumu isiyo na ngazi kutoka chumba cha bibi mpaka pale. Ya tatu ilikuwa mboga, mikomamanga na maua.

Baba naye alipata ukoka wake, mita za mraba 12 tu. Unahitaji ndoo tatu za lita 20 kwa siku, na zinatoka kwenye maji ya kusuuzia nguo.

Dodoma yenyewe ilianza kwa mchoro. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, kampuni ya Project Planning Associates ya Canada iliandaa mpango mkuu wa mji, uliokamilika mwaka 1976. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani. Lakini mti, uwe wa Serikali au wa nyumbani, unahitaji mtu wa kuukumbuka mwezi Septemba.

Baada ya masika mawili

Si yote yaliyoenda sawa. Mikomamanga miwili ilikufa kwa sababu walikuwa na haraka, wakapanda bila samadi. Awamu ya tatu imefika nusu. Ada za shule zilitangulia.

Lakini mizabibu imefunika kichanja, na watoto wanafanyia hapo kazi za shule. Mkungugu umepita kimo cha baba. Bibi anatoka mwenyewe kila asubuhi kwa fimbo yake, na amemfundisha mjukuu wa mwisho kutofautisha mlenda na magugu. Bado anauliza atarudi lini kwake. Juzi aliongeza: "Lakini si kabla ya mlenda kukomaa. Huyu mtoto atauchuma vibaya."

Mzazi unayefikiria bustani, si lazima uanze na mchoro wa kulipia, ingawa hesabu ya familia hii inaonyesha kwamba ukoka uliokufa uligharimu zaidi. Lakini yale maswali ni ya bure. Kaeni jioni moja, wote, na mjiulize nani anashinda nyumbani, maji yanatoka wapi na nani atamwagilia. Na kama yupo mzee ndani, mtoeni nje kwanza, aone kiwanja. Huenda kuna kisiki anachokijua.